Kijiko cha Msafiri: Chombo Kimoja, Kazi Nyingi

Alfajiri katika mpaka wa Kobero huanza kwa mlio wa sufuria kabla ya mlio wa injini. Malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam, yakapita Dodoma, Singida na Kahama hadi wilaya ya Ngara, husimama kwa safu pande zote mbili za mpaka, Kabanga upande wa Tanzania na Kobero upande wa Burundi, yakingojea karatasi za forodha. Madereva na wasaidizi wao huwasha majiko kando ya barabara. Maharage yanapoiva na wali kupakuliwa, ndipo huonekana tofauti kati ya msafiri mzoefu na msafiri mgeni. Mzoefu huingiza mkono chini ya kiti chake akatoa kijiko. Mgeni huangaza macho huku na huku, kisha humgeukia mwenziwe na kusema, "Kaka, ukimaliza niazime kijiko."

Ombi hilo ni dogo, nalo kwa desturi halinyimwi. Hata hivyo, ndani yake mna jambo la kufikiriwa na kila mtu ambaye kazi yake humlaza mbali na nyumbani, na pia na kila mama au mke anayemfungia mtu wake mzigo wa safari. Kijiko ni chombo kidogo kuliko vyote vilivyomo katika mzigo huo, lakini kikikosekana, au kikichaguliwa vibaya, madhara yake huwa makubwa kuliko ukubwa wake.

Wanaohitaji chombo hiki si madereva peke yao. Kutoka Kobero barabara ya taifa nambari 6 huenda Muyinga, Ngozi na Kayanza, na kutoka Muyinga barabara nyingine hupitia Karusi hadi Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Njiani kote humo nyumba za wananchi hazikukusanyika vijijini, bali zimetawanyika juu ya vilima, kila kaya na migomba yake. Bwana shamba, mhudumu wa afya wa chanjo, mpima ardhi au mwalimu anayezungukia shule huweza kutembea kutwa nzima toka kilima hadi kilima asione mkahawa hata mmoja. Makarani waliohesabu watu nchini Burundi mwaka 2024, na wenzao wa Tanzania mwezi Agosti 2022, waliijua vema kazi ya namna hiyo: mtu hula pale alipofika, chakula alichokibeba au alichokaribishwa.

Kwa Nini Kiwe Chake Mwenyewe

Watu wa Maziwa Makuu, kama wa pwani, wamezoea kula kwa mkono, na hakuna ubaya wowote katika desturi hiyo, mradi mkono uwe safi. Lakini kunawa vizuri kwataka sabuni na maji ya kutiririka. Mtu aliye njiani mwenye chupa moja ya maji ya kunywa hawezi kuyamwaga kila atakapokula. Hapo ndipo kijiko huwa msaada: huoshwa kwa maji machache, tena huweza kuchemshwa au kuchovywa katika maji yanayotokota, jambo ambalo mkono hauliwezi.

Miaka ya karibuni imelifundisha eneo hili somo hilo kwa ukali. Mwezi Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu. Mwezi Julai 2024 ikathibitisha kuwapo kwa ugonjwa wa mpox. Upande wa pili wa mpaka, mkoa wa Kagera, ambamo Ngara imo, ulipatwa na ugonjwa wa Marburg mwezi Machi 2023 na tena mwezi Januari 2025. Magonjwa hayo hayaenei kwa njia moja. Kipindupindu hupitia katika maji na chakula kilichochafuliwa kwa kinyesi. Mpox huambukiza kwa kugusana na mgonjwa, na pia kwa vitu alivyovitumia. Marburg hupitia katika damu na majimaji ya mwili. Lakini mafunzo yanayotolewa kwa raia juu ya yote matatu hukutana mahali pamoja: usafi wa mikono, na kutochangia vyombo na mtu mgonjwa. Na katika foleni ya mpakani, ni nani ajuaye jirani yake ameamkaje?

Hata wale wanaowahudumia watu waliokimbia makwao wamelizingatia jambo hili. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura viitwavyo Sphere huagiza kwamba sufuria, beseni na kisu vyaweza kuwa vya kaya nzima, lakini sahani, chombo cha kunywea na vyombo vya kulia viwe vya kila mtu peke yake. Muyinga, ambako kuna kambi ya wakimbizi wa Kongo huko Gasorwe, haihitaji kuelezwa sana maana ya agizo hilo.

Alumini, Bati, Mti au Plastiki?

Mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya vyombo sokoni huona vijiko vinavyong'aa karibu sawasawa. Kumbe ndani havifanani hata kidogo.

Kijiko cha alumini ni chepesi na cha bei nafuu. Lakini ni laini. Kikiingizwa katika ugali mgumu au wali uliopoa hupinda shingo, na kila kinaponyooshwa hukaribia kuvunjika. Tena alumini hupitisha moto upesi, hata mlaji wa uji wa moto huungua mdomo na vidole pamoja. Vitu vichachu kama ndimu, ukwaju na nyanya huila taratibu. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika umeonyesha kwamba baadhi ya vyombo vinavyosubuliwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa huwa na madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Si kila chombo cha fundi wa mtaani ni kibaya, lakini kwa jicho tu haiwezekani kukipambanua kibaya na chema.

Vyombo vya enameli, ambavyo wengi huviita vya bati, ni chuma kilichopakwa kioo kilichoyeyushwa. Kikombe na bakuli za namna hiyo zimesafiri Afrika Mashariki yote kwa miaka mingi, nazo ni nzuri. Ila kikianguka juu ya mawe rangi hubanduka, na pale palipobanduka kutu huanza. Kwa sababu hiyo enameli yafaa kwa kikombe, haifai kwa kijiko ambacho kazi yake ni kugongana na sufuria.

Kijiko cha mti hakiunguzi mdomo wala hakikwaruzi chombo. Ubaya wake ni nyufa. Ufa mdogo hushika mabaki ya chakula na unyevu, na kijiko cha mti kilichofungwa kibichi mzigoni huota ukungu. Plastiki nyembamba hukatika siku ya kwanza, huyeyuka karibu na moto, kisha hubaki kuwa takataka ya miaka mingi.

Kinachobaki ni chuma kisichoshika kutu. Chuma hiki huchanganywa na madini ya kromiamu, yasiyopungua asilimia 10.5, ambayo hufanya utando mwembamba usioonekana juu yake na kukizuia kutu. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alianza kukitengeneza mwaka 1913, na ni vyombo vya mezani vilivyokieneza duniani. Aina iliyo bora kwa kijiko hupigwa chapa ya 18/8 au 18/10 nyuma ya mpini, maana yake kromiamu sehemu 18 na nikeli sehemu 8 au 10 katika kila 100. Kijiko cha namna hiyo kikitunzwa chaweza kumzika mwenyewe.

Wapanda milima wa Ulaya na Marekani husifu madini ya titaniamu, ambayo ni mepesi karibu kwa nusu kuliko chuma na hayashiki kutu. Sifa hizo ni za kweli. Lakini kwa dereva ambaye gari lake hubeba tani nyingi, au bwana shamba mwenye mfuko mmoja, kupunguza gramu 20 au 30 hakulingani na bei yake.

Jinsi ya Kukijaribu

Kwa kuwa chapa yaweza kughushiwa, mnunuzi mwangalifu hukijaribu kijiko kabla ya kutoa fedha. Kwanza hukishika kwa mikono miwili na kuibonyeza shingo kwa vidole gumba. Kikilegea, hukirudisha. Pili hupitisha kidole pembeni mwa bakuli la kijiko. Kingo zikikwaruza kidole zitakwaruza na mdomo. Tatu hutazama kama kimetengenezwa kwa kipande kimoja. Mpini uliounganishwa kwa gundi au ribiti hulegea, na katika maungio uchafu hujificha.

Jaribio la nne ni la sumaku, hata ile iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Chuma cha 18/8 hakinaswi, au hunaswa kidogo mno. Kikinaswa kwa nguvu, huenda kikawa cha kromiamu pasipo nikeli, ambacho bado chafaa ila kitataka kukaushwa vizuri; au huenda kikawa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, ambacho baada ya miezi michache kitaanza kumenyuka. Kwa hiyo sumaku hutoa fununu, haitoi hukumu.

Juu ya umbo, maoni hutofautiana. Tangu mwaka 1874, Samuel Francis alipopata hati ya ubunifu huko Marekani ya chombo kilichounganisha kijiko, uma na kisu, watengenezaji wamekuwa wakitoa vijiko vyenye meno mbele, na vingine vya kukunja. Vyapendeza machoni. Lakini chakula cha njia hii ni maharage, uji, mchuzi wa ndagala na wali, na meno ya uma huuvujisha mchuzi. Vya kukunja hushika chakula katika bawaba. Kwa msafiri wa Kobero, kijiko kikubwa cha supu, chenye bakuli la kina na mpini mrefu wa kufika chini ya sufuria ndogo, hufanya kazi nyingi zaidi: hukoroga, hupakua, huponda ndizi iliyoiva na hukwangua ukoko. Kisu na kiwe mbali, ndani ya ala yake.

Kazi Isiyotajwa Mara Nyingi

Kijiko kina kazi nyingine kubwa kuliko kula, nayo ni kupima. Mtu akishikwa na kuharisha mbali na kituo cha afya, maji ya chumvi na sukari huweza kumshikilia hadi afikishwe kwa mganga. Pakiti za dawa hiyo ndizo bora, na mwenye kazi za nje hana budi kuwa nazo. Zikikosekana, kipimo kinachojulikana ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi.

Hapo ndipo hitilafu hutokea. Kijiko cha chai cha kipimo huchukua mililita 5, na cha mezani mililita 15. Lakini vijiko vya sokoni havifuati kanuni hiyo. Mwenye kijiko kikubwa akipima nusu yake ya chumvi kwa kudhani ni cha chai, huongeza chumvi mara tatu, na chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya safari, achukue bomba la sindano lisilo na sindano, au kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya maji, apime kijiko chake kinachukua mililita ngapi, kisha aikumbuke hesabu hiyo. Maji yaliyochanganywa yaonjwe. Yasizidi ladha ya machozi.

Utunzaji

Baada ya kula, kijiko kisuguliwe kwa sabuni au majivu safi, kisuuzwe na kukaushwa. Kila jioni chaweza kutumbukizwa katika maji yanayotokota. Ikumbukwe kwamba katika vilima vya Gitega, vilivyo karibu na mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo kiachwe humo dakika chache, kisitiwe na kutolewa papo hapo. Hiyo ndiyo sababu pia maharage ya huko hukawia kuiva.

Mfuko wa kukihifadhia uwe wa kitambaa, unaofulika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Burundi ilitoa amri yake mwaka 2018, hivyo anayevuka mpaka nayo hujitafutia usumbufu. Kipande cha kitenge kilichoshonwa kama ala, chenye kifungo kimoja, chatosha. Mpini na ukwaruzwe alama ya mwenyewe kwa ncha ya msumari, hasa kwa mwanafunzi wa bweni, kwa maana vijiko vyote hufanana katika karai la kuoshea.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa msafiri, neno hilo halihusu mali peke yake. Siku jirani yake atakapougua njiani, mwenye kijiko chake, aliyekwisha kukijua kipimo chake, ndiye atakayeweza kumkorogea dawa bila kukosea.