Mkulima achunge namba yake ya NIDA kama ufunguo wa ghala

MKULIMA anayeshusha mahindi au viazi Mbalizi, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma, mara nyingi siku hizi hulipwa kwa simu. Fedha ya msimu mzima huingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Ndiyo maana matapeli wanaitafuta namba hiyo kuliko kadi yenyewe.

Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) ilianzishwa mwaka 2008 na kadi za kwanza zilitolewa Februari 2013. Ni kadi ya kielektroniki, ya jamii moja na kadi za benki zenye chipu, teknolojia ambayo Mfaransa Roland Moreno aliibuni mwaka 1974. Tofauti ipo katika matumizi. Anayeokota kadi ya benki bila namba ya siri hapati kitu kwenye mashine ya fedha. Kwa kitambulisho, vibandani kinachonakiliwa ni tarakimu 20 tu, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenyewe.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Wakala huingiza namba, mteja anaweka kidole, na kidole hicho hulinganishwa na kumbukumbu zilizoko NIDA. Mwanya uko hapo. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, arudie. Kumbe cha kwanza kimeshakubali, na cha pili kinasajili laini nyingine, ambayo itaishia kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mkulima huamini upesi, kwa kuwa mikono iliyozoea jembe kweli husumbua mashine.

Asione haya kudai aoneshwe kioo cha simu ya wakala kabla ya kurudia kidole. Kisha, kabla ya kuondoka, apige *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Vivuli vya kitambulisho navyo ni tatizo. Kikundi cha mikopo kinataka kivuli, mwenye nyumba anataka kivuli, na wengine hupiga picha kwa simu na kuirusha. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: mwenye kitambulisho aandike kwa kalamu juu ya kivuli kazi yake na tarehe, mfano "kwa mkopo wa mbolea tu".

Wenye maduka nao wajiangalie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aseme ni za kazi gani, asizitumie kwa jingine, na azitunze salama. Anayekopesha mbegu kwa jirani anayemfahamu anahitaji jina na simu. Tarakimu 20 za kila mdaiwa kwenye daftari lililo wazi mezani ni kujitafutia kesi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Atakayekuta laini asiyoitambua aende na kitambulisho chake kwenye duka la kampuni ya simu husika, aombe ifutwe. Namba ya tapeli aliyetuma ujumbe hutumwa kwenda 15040.