Istilahi za Utunzaji wa Pikipiki Kuukuu: Mafuta, Ulegevu na Mwanya

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza sehemu ndogo ya msamiati wa ufundi ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huigusa mara nyingi bila kuipa uzito unaostahili, yaani msamiati wa kutunza na kutengeneza pikipiki kuukuu nyumbani. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni la gereji wala halilihusu Baraza la lugha. Sisi hatuoni hivyo. Neno lililokaa vibaya katika hotuba humuudhi msikilizaji. Neno lililokaa vibaya katika maelezo ya breki humvunja mtu mguu.

Mfano wetu tumeutoa Haydom, katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya lugha. Katika eneo hilo na jirani zake hukutana wasemaji wa Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi. Kidatoga, ambacho ni cha jamii ya Kinailoti. Kinyisanzu, ambacho ni cha Kibantu. Na Kihadza, ambacho wanaisimu hawajakipatia ndugu wa hakika. Watu hao wakiinama pamoja juu ya injini iliyofunguliwa, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Fundi hana lugha nyingine ya kukimbilia endapo neno la Kiswahili litamchanganya mwenye pikipiki.

Sababu ya pili ni ya chombo chenyewe. Jamii ya pikipiki za Yamaha DT, iliyoanza mwaka 1968, ilibuniwa kwa ajili ya watu waliotaka kukimbia nje ya lami kwa michezo na burudani. Katika nchi yetu pikipiki za namna hiyo, pamoja na za Honda XL, hazikupata nafasi kubwa ya kucheza. Zilibeba mabwana shamba, mabwana mifugo, wauguzi na wahubiri. Mahali kama Haydom, ambapo hospitali ya Kilutheri imekuwapo tangu mwaka 1955 na vijiji vya Mbulu na Hanang vimetawanyika mbali, pikipiki iliyokwama njiani inaweza kuwa chanjo isiyofika au mgonjwa asiyeonwa. Pikipiki kuukuu ambayo kitabu chake cha maelezo kimekwisha kupotea hutunzwa kwa maneno tu, na maneno hayo ndiyo tunayoyazungumzia.

1. Neno "mafuta"

Tuanze na neno lenye madhara makubwa kuliko yote. Katika Kiswahili cha kila siku "mafuta" ni ya kupikia, ya kupaka, ya taa na ya gari. Katika chakula na mavazi muktadha hutuokoa. Katika pikipiki hautuokoi, kwani chombo kimoja huweza kuwa na vitu vinne au vitano, vyote vikiitwa "mafuta", na kila kimoja kina tundu lake.

Tuchukue pikipiki ya mipigo miwili ya jamii ya DT. Katika tangi kubwa humo petroli. Katika tangi dogo la pembeni humo oili maalumu ambayo pampu huipeleka injini ili ichanganyike na petroli, ilainishe pistoni, kisha iungue na kutoka kwa eksozi. Chini, katika sanduku la gia, humo oili nyingine isiyoungua, inayolainisha gia na klachi. Ndani ya shokapu za mbele humo oili ya tatu. Na zile zenye breki ya diski zina kiowevu katika kikopo kilicho kwenye usukani.

Mfasiri akiandika "hakikisha mafuta yamejaa", amemwambia msomaji nini? Msomaji atafungua tangi la petroli, ataona limejaa, ataondoka. Ikiwa tangi dogo la oili ni tupu, pistoni itaungua na kunasa ndani ya silinda kabla hajafika Dongobesh. Akitokea mwingine akamimina oili ya gia katika tangi dogo, moshi utakuwa mwingi, plagi itajaa masizi, na injini haitalainishwa ipasavyo. Kwa injini ya mipigo minne, kama ya Honda XL, mambo ni tofauti tena: oili moja hukaa chini ya injini na kulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Klachi ikiwa inaogelea katika oili hiyo, baadhi ya oili za magari zilizotiwa dawa za kupunguza msuguano huweza kuifanya iteleze.

Hatari zaidi ni usemi "mafuta ya breki". Kiowevu cha breki za kawaida si mafuta hata kidogo. Mtu akiamini jina, akajazia oili ya injini, mipira iliyomo ndani ya breki itavimba na breki zitashindwa kufanya kazi. Hapa jina lenyewe ndilo linalomwelekeza mtu kwenye kosa. Wala "maji ya breki" si nafuu, kwa kuwa maji yatachukuliwa kisimani.

Hivyo basi tunapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi neno "mafuta" lisisimame peke yake. Kinachoungua ili kuendesha injini kiitwe petroli. Kinacholainisha kiitwe oili, na daima kitajwe mahali pake: oili ya kuchanganya, oili ya injini, oili ya gia, oili ya shokapu. Kilicho kizito cha kupaka kwenye beringi kiitwe grisi, kama kinavyoitwa na wote. Cha breki kiitwe kiowevu cha breki, na mwandishi aongeze kwamba aina yake isomwe kwenye kifuniko cha kikopo. Vivyo hivyo kwa "maji ya betri": betri ya zamani iliyopungua huongezwa maji yaliyokenekwa, si asidi.

2. "Kaza", ulegevu na mwanya

Kitenzi "kaza" ni kizuri kwa nati. Nati hukazwa mpaka ikae imara. Lakini agizo "kaza cheni" limeharibu beringi nyingi. Mwanafunzi mtiifu huikaza cheni mpaka ilie kama uzi wa zeze, naye hudhani ametii. Kumbe cheni haitakiwi kukazwa kwa maana hiyo. Inatakiwa kuachiwa nafasi ya kucheza. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka cheni icheze milimita 20 hadi 30 inaposukumwa juu na chini katikati. Zile za njia mbaya hutaka zaidi, kwa sababu gurudumu lao la nyuma hupanda na kushuka sana, na mkono unaolishika unapozunguka cheni huvutika.

Tunapendekeza nomino "ulegevu" kwa nafasi hiyo ya cheni, na agizo liwe "rekebisha ulegevu wa cheni". Nafasi iliyo baina ya vyuma viwili visivyogusana tuiite "mwanya": mwanya wa plagi, ambao katika pikipiki nyingi za aina hii ni kama milimita 0.6 hadi 0.7, na mwanya wa valvu, ambao ni sehemu chache za mia za milimita na hupimwa injini ikiwa baridi. Mafundi husema "kurekebisha tapeti" kwa kazi hii ya pili. Usemi huo unaeleweka na hatuna haja ya kuupiga vita. Lakini mwalimu anayeufundisha aeleze kwamba kinachorekebishwa ni mwanya.

3. Maneno ya gereji yaliyobadili maana

Maneno ya mkopo hayabaki kama yalivyokuja. "Kunoki" lilitokana na neno la kigeni lenye maana ya kugonga. Katika gereji zetu "injini imenoki" huwa na maana kwamba injini imekufa. Mfasiri anayekutana na onyo juu ya mgongo wa injini, yaani mlio wa kugonga, akaandika "injini ikinoki, simama", ametoa ushauri uliochelewa: injini iliyonoki imekwisha kusimama. Tunapendekeza "kugonga" kwa mlio, na "kunasa" kwa pistoni iliyoshikwa ndani ya silinda. Vilevile "sailensi" limetumika kwa mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama, ingawa asili yake ni ukimya. Tunaona ni afadhali kuandika "mwendo wa kupumzika" na kulitaja neno la gereji pembeni, ili msomaji asipotee atakapofika kwa fundi.

4. Kabureta na hewa ya mlimani

Haydom iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina kani pungufu kwa takriban sehemu moja katika tano ikilinganishwa na ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika huko hutoa petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuunguza. Dalili huonekana kwenye plagi: nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi, au chujio la hewa lililoziba, nyeupe ni petroli chache na joto kali, ya kahawia ni sawa. Wengi wamezoea kusema mchanganyiko "mzito" na "mwepesi". Kwa kuwa oili nayo huitwa nzito na nyepesi, tunashauri "wenye petroli nyingi" na "wenye petroli chache". Ni maneno marefu zaidi, lakini hayamdanganyi mtu.

Chujio nalo ladai uangalifu, hasa wakati wa kiangazi chenye vumbi. Agizo "safisha chujio" halitoshi. La sponji huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi haliguswi na maji. Mwandishi ataje aina kwanza, kitenzi baadaye.

5. Kanuni ya uteuzi

Wapo wanaotaka kila neno la kigeni lipatiwe la Kibantu. Tunawaheshimu, lakini istilahi ya kipuri ina mtihani ambao istilahi ya falsafa haina: lazima iweze kununua kitu dukani. Kabureta, plagi, klachi, pistoni, ringi, gasketi na beringi zimekwisha kufaulu mtihani huo kutoka Mbulu hadi Katesh. Kuzibadili ni kumpeleka mnunuzi dukani bila ulimi. Bali majina ya hali na vitendo, kama vile ulegevu, mwanya, kugonga na kunasa, hayanunuliwi, hayo hufikiriwa. Hapo ndipo maneno ya asili yetu hufanya kazi bora, kwa sababu msikilizaji huiona maana ndani ya neno kabla ya kuelezwa.

Aidha, tutenganishe kazi tatu ambazo zote huitwa "matengenezo": utunzaji, unaofanywa kabla ya kuharibika, matengenezo, yanayofanywa baada ya kuharibika, na ukarabati, ambao ni kuifungua injini yote na kuirudishia nguvu. Mtumishi anayeandaa makisio ya fedha za ofisi akizitenganisha, ataona mara moja kwamba chupa ya oili na chujio safi ni gharama ndogo, na kwamba silinda mpya si gharama ndogo.

Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu mapendekezo haya mbele ya mafundi wenyewe, kwa kuwapa maagizo yaliyoandikwa na kutazama mikono yao inakwenda wapi. Mkono ukienda kwenye tundu lisilostahili, lawama isimwendee fundi. Neno ndilo lirudishwe mezani.