Moshi wa Pikapu na Vifua Vyetu

Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana ukurasa wetu wa afya utaingia gereji.

Sababu ni hii. Pikapu ya parokia hubeba kila kitu: saruji, mahindi ya mavuno, wanakwaya wanaokwenda kigangoni, jeneza, na usiku wa manane mama mwenye uchungu wa uzazi. Wengi wetu tumewahi kushuka kwenye bodi baada ya safari ya saa mbili, kichwa kinagonga, macho yanawasha, koo linakereketa, tukasema ni vumbi. Vumbi lipo, hatukatai. Lakini ukipenga kamasi ikatoka nyeusi, hilo si vumbi la barabara yetu nyekundu. Ni masizi ya dizeli.

Masizi hayo ni chembe ndogo mno. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzipita zaidi ya mara ishirini. Kwa udogo huo hazinaswi puani kama vumbi, bali hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na leso tunayojifunga usoni haizizuii. Mwenye pumu hubanwa kifua siku hiyohiyo. Madhara mengine huja polepole. Mwezi Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwa watu walioupumua kazini miaka mingi, kama wachimbaji wa migodini. Abiria wa safari moja asiingiwe na hofu. Lakini dereva, utingo na fundi huuvuta kila siku.

Pengine mtauliza: bomba la moshi liko nyuma, na gari linakwenda mbele, moshi unatufikiaje? Gari likiwa mwendoni hukata hewa, na nyuma yake hubaki nafasi inayovuta hewa kurudi. Moshi hufuata humo. Ndiyo maana turubai lililofungwa mbele na ubavuni, likaachwa wazi nyuma tu, huwa baya kuliko kukaa bila turubai: linageuka mfuko wa kukusanyia moshi. Lifungueni na mbele ili hewa ipite. Mgonjwa, mjamzito na mtoto mchanga wakae kichwani na dereva, madirisha yakiwa wazi. (Tunajua bodi haikutengenezwa kwa ajili ya kubeba watu. Tunajua pia hali ya vijiji vyetu.)

Sasa tutazame lenyewe. Bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, huanzia ubavuni mwa injini, hupita chini ya sakafu, huingia kwenye sailensa na kutokea nyuma. Likitoboka katikati, moshi hupanda kwenye matundu ya sakafu na kuingia kwa abiria. Pamoja na moshi huja gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Injini ya dizeli huitoa kwa uchache kuliko ya petroli, lakini si ya kuchezea. Msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache za kulipasha moto. Mtu akizungukwa na kizunguzungu na kichefuchefu humo, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha apelekwe hospitali.

Ukaguzi wake hauhitaji chuo. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, dereva aiwashe na mwingine asikilize kutoka ubavuni. Mlio wa tss-tss karibu na injini ni dalili ya gasketi iliyoungua. Kisha injini izimwe, mmulike kwa tochi: alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo huonyesha mahali panapovuja. Tazameni pia kama mipira ya kuning'inizia bomba haijakatika, na kama ncha ya bomba inatokeza nje ya bodi. Bati na waya si matengenezo. Kipande kilichooza kikatwe, kichomelewe kipya. Gari la safari fupifupi bomba lake huoza upesi, kwa kuwa halipati joto la kutosha kukausha maji yanayojikusanya ndani.

Moshi wenyewe nao una rangi zake. Ule wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe wa asubuhi ya baridi usiodumu hauna neno. Ukiendelea gari likiwa limepata moto, tazameni kama maji ya rejeta yanapungua, mwoneni fundi. Mweusi ndio tunaouzoea, na wapo madereva wanaouonea fahari eti gari lina nguvu. Mweusi ni dizeli mliyoilipia ikakosa hewa ya kuungulia. Mara nyingi kosa ni chujio la hewa lililozibwa na vumbi. Lipulizwe kwa upepo wa taratibu kutoka ndani kwenda nje, lisioshwe kwa petroli, na likichoka libadilishwe. Moshi ukibaki, nozeli zipimwe. Wala msikubali fundi aongeze mafuta kwenye pampu ili gari lipande mlima na mzigo uliozidi.

Pikapu za miaka ya karibuni nyingi zina chujio la masizi ndani ya ekzosi. Hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari likienda mwendo mrefu usiokatizwa, hivyo gari la kwenda sokoni na kurudi huishia kuwasha taa ya onyo. Hapo baadhi ya gereji hushauri chujio likatwe. Tunasema wazi: anayelikata anawarudishia abiria masizi yaleyale. Fuateni kitabu cha gari, tumieni oili kinayotaja, na mnunue dizeli kituoni. Tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu salfa izidi sehemu 50 katika milioni. Cha kwenye madumu ya kando ya barabara hakuna anayejua kilichomo. Chujio linapojichoma, ekzosi huwa ya moto mno. Msiegeshe gari juu ya majani makavu.

Gari likirudi kutoka gereji, msilipe kwanza. Injini ipate moto, fundi akanyage mafuta, nanyi msimame pembeni, si nyuma, mkitazama ncha ya bomba. Likitoa wingu jeusi na likaendelea kulitoa, arudi chini ya gari.