Neno ‘tamu’ lilivyomponza shangazi mwenye kisukari

MWAKA jana shangazi yangu anayeishi Laela, huku nyanda za juu za Ufipa, alirudi kutoka kliniki na sharti moja: “Usile vitu vitamu.” Alikuwa amegundulika kuwa na kisukari.

Sharti alilishika barabara. Aliacha maharage ya kuungwa kwa karanga, akaacha samaki, akaacha hata mboga ya maboga, kwa sababu kwake vyote hivyo ni vitamu. Akabaki na ugali mkubwa na mboga chukuchuku, na mchana akishushia kikombe cha togwa.

“Shangazi, mbona togwa unakunywa?” nilimuuliza nilipokwenda kumsalimia.

“Togwa ina sukari gani, mwanangu? Sijatia hata kijiko.”

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Aliyempa sharti alikuwa na nia njema, na shangazi alitii. Neno ndilo lililowapotezesha njia.

Tamu ipi?

Kwa Kiswahili asali ni tamu na sukari ni tamu. Lakini nyama iliyokolea chumvi nayo ni tamu, na kachumbari yenye ndimu na pilipili vilevile. Mwingereza ana neno moja la ladha ya sukari na jingine la chakula kinachonoga. Sisi mara nyingi hilo moja linatutosha kwa yote mawili.

Halafu neno lenyewe limetoka jikoni likaenda mbali. Usingizi ni mtamu, hadithi ni tamu, sauti ya mwimbaji ni tamu. Maji yasiyo na chumvi tunayaita matamu: ya Ziwa Tanganyika ni matamu, ya Ziwa Rukwa lililo bondeni chini yetu yana magadi, kwa kuwa ziwa hilo halina mto unaotoka. Wahenga nao walituonya kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Kwa mtu, neno hili lataka uangalifu. Kijana anayejifunza Kiingereza anaweza kumsifu bibi yake kwa kutafsiri moja kwa moja, akamwambia “Bibi, wewe ni mtamu.” Ukumbi mzima utainama. Kwetu hayo ni maneno ya chumbani. Bibi mwema anaitwa mwema, au mkarimu.

Siri ya togwa

Shangazi alikuwa sahihi kwamba hakutia sukari. Togwa hupikwa kama uji wa mahindi au ulezi, kisha hutiwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Kimea huvunja wanga wa uji na kuugeuza sukari. Ndiyo maana togwa huwa tamu bila kijiko hata kimoja. Ikikaa huchacha, na ikiendelea kukaa huwa kali, hata ikaanza kulevya.

Ugali nao, ambao ulimini hauna utamu wowote, ni wanga. Ukifika tumboni huvunjwa ukawa sukari inayoingia kwenye damu. Kwa hiyo shangazi aliacha maharage yaliyokuwa yakimfaa, akaongeza tonge, akidhani anajikinga. Ulimi hauwezi kupima sukari ya damu.

Kali nayo ina mambo yake

Tusilitupie neno “tamu” lawama peke yake. Pilipili ni kali, kisu ni kikali, mbwa ni mkali, jua ni kali, mwalimu ni mkali. Sasa mgonjwa akiambiwa “dawa hii ni kali” aelewe nini? Mmoja ataelewa kwamba ina nguvu ya kuponya, afurahi. Mwingine ataelewa kwamba itamdhuru, apunguze vidonge kimyakimya bila kumwambia mtu.

Taja kitu kwa jina lake

Hata ugonjwa wenyewe ulipewa jina kwa ladha. Neno “mellitus” katika jina lake la kitaalamu ni la Kilatini, maana yake ni yenye utamu wa asali, kwa sababu mkojo wa mgonjwa ulikuwa na utamu. Lakini nyumbani ladha pekee haitoshi kumwongoza mgonjwa.

Badala ya “vitu vitamu”, taja: sukari ya chai, soda, juisi, biskuti, asali, togwa. Kisha taja na vile visivyo na utamu lakini vya kupimiwa: ugali, wali, viazi, mihogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hata mtu mzima asiye mgonjwa ni vyema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi gramu 25 hivi kwa siku, sawa na vijiko 6 vya chai. Soda moja ya kawaida ya mililita 350 inaweza kupita kiasi hicho peke yake.

Tulimrudisha shangazi kliniki, safari hii mmoja wetu akiingia naye. Muuguzi hakumwambia habari ya utamu. Alimuuliza tu: “Mama, jana ulikula nini, asubuhi mpaka usiku?” Shangazi akataja sahani kwa sahani, na kwa kila sahani akaambiwa kipi kibaki, kipi kipungue na kipi kiachwe.

Jioni ile sufuria ya maharage ilirudi jikoni, na ugali ukapungua. Shangazi alionja mchuzi, akatikisa kichwa.

“Kumbe maharage hayakuwa na kosa,” alisema. “Matamu haya!”