Pikipiki Kubwa na Miezi Mitano ya Kwanza

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, ukitaka kujua kwamba kuna duara la dhahabu limetoa mali, huna haja ya kwenda machimboni. Kaa kando ya barabara pale Katoro, Masumbwe au Kahama mjini, kisha utege sikio. Hazitapita siku nyingi utasikia mngurumo mzito, si ule uliouzoea wa pikipiki za abiria. Ukigeuka utamwona kijana juu ya pikipiki kubwa, mpya, nailoni ya kiwandani bado imefunika kiti, na watoto wanamkimbilia kwa nyuma. Huyo ni mchimbaji mdogo aliyepata. Juzi alikuwa akipanda baiskeli ya daladala kama sisi wengine. Leo ana chombo chenye nguvu kuliko chochote alichowahi kukishika.

Tuseme mapema kwamba hatuna kinyongo naye. Mtu aliyeshuka shimoni kwa kamba miezi na miezi, akalipwa kwa mgawo wa mawe ambayo mara nyingi hayakuwa na kitu, ana haki ya kununua anachokipenda siku mawe yanapokubali. Wazee wa Usukumani walipouza pamba walinunua ng'ombe, na waliofuata walinunua baiskeli. Kila kizazi kina namna yake ya kuwaonyesha majirani kwamba jasho limelipa. Tofauti ni moja tu: ng'ombe akinunuliwa leo, hakuna anayempanda kesho kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa.

Basi wiki hii tujiulize: mtu anaponunua pikipiki kubwa, tena iwe ndiyo ya kwanza kuimiliki, ni mambo gani yanayomkuta katika miezi ya mwanzo? Na kwa nini ni katika miezi hiyo hasa kwamba tunamsikia amelazwa Bugando, mguu umening'inizwa?

Wengi watajibu haraka kwamba ni ujana, ni pombe, ni sifa. Hayo yapo, wala hatuyakatai. Lakini liko jambo jingine lisilosemwa. Huko Marekani, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California aitwaye Harry Hurt, pamoja na wenzake, walizifuata ajali za pikipiki zaidi ya 900 pale pale zilipotokea katika jiji la Los Angeles na vitongoji vyake. Taarifa yao ilitoka mwaka 1981. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya walioanguka walikuwa na uzoefu usiofika miezi mitano na ile pikipiki iliyowaangusha. Sikiliza vizuri, ndugu yangu. Haikusemwa kwamba walikuwa hawajui pikipiki. Wengi wao walikuwa wameendesha pikipiki kwa karibu miaka mitatu. Walikuwa wageni wa pikipiki ile. Zaidi ya hapo, 92 katika kila 100 hawakuwa wamefundishwa na mwalimu yeyote. Walijifunza wenyewe au walielekezwa na jamaa na marafiki.

Sasa rudi kwa kijana wetu. Amejifunzia wapi? Kwa rafiki yake, katika uwanja wa shule, siku ya Jumapili, kwa pikipiki ya CC 125. Akizunguka mara tano bila kuanguka anaambiwa, "Tayari, umeiva." Naye anaamini. Siku ya kununua ya kwake, neno analolitumia ni "najua". Neno hilo ndilo linalomponza, kwa sababu anachokijua ni pikipiki nyingine.

Tuitazame tofauti yenyewe. Boxer ya CC 150, moja ya pikipiki tunazoziona zikibeba abiria kila siku, ina uzito wa kilo 120 hivi na injini yake ina nguvu za farasi 12 hivi. Pikipiki ya silinda moja yenye CC 650 hupita kilo 150, na nyingine hukaribia 200. Nguvu zake ni za farasi 40 hivi. Yaani uzito umeongezeka kwa sehemu, lakini nguvu imezidi mara tatu. Mwili wa mwendeshaji ni ule ule, na mikono ni ile ile.

Somo la kwanza wala halitolewi mwendoni. Linatolewa pikipiki ikiwa imesimama. Kiti cha pikipiki kubwa ya njia za vumbi kiko juu sana, hivyo mtu wa kimo cha kawaida hugusa ardhi kwa ncha za vidole. Anasimama kununua mafuta, anashusha mguu, mguu unakuta kishimo, pikipiki inaanza kulala. Ile ndogo ikiinama, goti huishikilia. Hii ikishapita mahali fulani hakuna goti la kuizuia. Inalala polepole mbele ya watu, indiketa inavunjika, mkono wa breki unapinda, na asiyewahi kutoa mguu huunguzwa na ekzosi. Wenye bahati hujifunza hapo na kuanza kuchagua pa kusimamia kabla ya kusimama.

Somo la pili ni la mkono wa kulia. Katika pikipiki ndogo, ukizungusha moto kwa ghafla injini hulalamika kwanza, kisha ndipo inakwenda. Ile kubwa hailalamiki, inaondoka. Mgeni anapotupwa nyuma huishika hendo kwa nguvu ili asianguke, na kule kuishika ndiko kunakozidi kuuzungusha moto. Kila mtikisiko unaongeza mafuta. Barabara zetu za changarawe, zenye mikunjo midogo midogo kama ubao wa kufulia, zina mitikisiko mingapi kwa kilomita moja? Ndiyo maana walimu husisitiza kwamba mapaja ndiyo yakamate tanki, na viwiko vilegee.

Somo la tatu ni breki, na hapa pana maneno mengi ya uongo mitaani. Vijana huambiwa wasiiguse breki ya mbele kwa kuwa "inapindua". Ukweli ni kwamba ukifunga breki, uzito huelekea mbele, na kwenye lami kavu tairi la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Asiyeitumia amejinyima zaidi ya nusu ya breki zake. Lakini inategemea namna ya kuitumia. Breki ya mbele hukamuliwa taratibu kama anavyokamuliwa ng'ombe, haikabwi ghafla. Na katika kokoto, pikipiki ikiwa imeinama kwenye kona, usiikabe hata kidogo. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si ndani yake.

Tupige hesabu kidogo. Mtu anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kwa sekunde. Akiona ng'ombe amevuka, sekunde moja itaishia katika kushtuka tu. Breki nzuri kwenye lami kavu zitamsimamisha baada ya mita nyingine 10 hivi. Jumla ni mita 21. Akiwa katika kilomita 80, sekunde ya kushtuka pekee inakula mita 22, na kusimama kunachukua mita nyingine 41. Jumla ni 63, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Mwendo umezidi mara mbili, umbali umezidi mara tatu. Na nguvu ya kugonga haizidi mara mbili wala tatu, inazidi mara nne. Katika changarawe hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Na barabara zetu si za hesabu za darasani. Kutoka Shinyanga hadi Geita utakutana na makundi ya ng'ombe yanayovuka jioni yakirudi bomani, mikokoteni ya ng'ombe isiyo na taa, baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa, na malori yanayoacha vumbi ambalo huoni kilicho nyuma yake. Mvua zikinyesha, ule udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye tairi na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu haliwezi kuzunguka. Pikipiki ndogo watu wawili huivuta ikatoka. Kubwa itakungoja jua liwake.

Hapo sasa tuje kwenye kichwa. Kulikuwa na Mwingereza maarufu, T. E. Lawrence, aliyepigana huko Uarabuni katika Vita Kuu ya Kwanza. Alipenda sana pikipiki kubwa za Brough Superior, na alikuwa amezimiliki kadhaa, hakuwa mgeni. Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumbani kwake, alijaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Akatupwa, kichwa kikaumia, akafa siku 6 baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa bingwa wa ubongo, Hugh Cairns. Cairns hakuishia kusikitika. Alianza kuchunguza majeraha ya vichwa ya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akatoa maandishi yaliyoonyesha faida ya kofia ngumu. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru waendesha pikipiki wake wazivae. Tafiti nyingi za dunia zilizojumlishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Kwetu, sheria inamtaka dereva avae kofia. Nasi tunazo nyingi; zimening'inizwa kwenye hendo. Nyingine zimevaliwa bila kufungwa kamba ya kidevu, nazo huruka kabla mwenyewe hajaruka. Kofia iliyo kiwikoni huokoa kiwiko.

Sheria imeona pia tofauti ya ukubwa tunayoizungumza. Madaraja ya leseni yetu hutenganisha pikipiki zinazozidi CC 125, ambazo ni daraja A, na zile zilizo chini ya hapo, ambazo ni A1. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2013 kijana hupandishwa kwa hatua: huanza na ndogo, halafu ya kati, na kubwa kabisa huja baada ya miaka miwili ya ile ya kati, au akiwa amefikisha umri mkubwa zaidi. Wametambua kwamba mkono hukua kwa ngazi.

Wako watakaosema, "Mbona hata ndogo zinaua?" Ni kweli, zinaua. Wengine watasema, "Fedha ni yangu." Nayo ni kweli. Basi tuzungumze fedha. Spea za Boxer zipo katika kila senta yenye duka la spea. Cheni, tyubu, waya wa klachi, utavipata hata ukiharibikiwa jioni. Spea za ile kubwa huagizwa Mwanza au Dar es Salaam, na pengine nje ya nchi. Tairi lake ni ghali, mafuta inakunywa zaidi, na fundi wa chini ya mwembe atajifunzia kwako. Siku duara likikauka, na kila mchimbaji anajua kwamba hukauka, ndogo itamwingizia mwenyewe chochote kwa kubeba abiria au mizigo. Kubwa itakaa uani imefunikwa turubai, na mnunuzi atakuja akijua kwamba una shida.

Hatusemi isinunuliwe. Tunasema miezi mitano ya kwanza ihesabiwe kuwa ni miezi ya shule. Anayeweza, aanze na CC 125 au 150, apate mwalimu na leseni ya daraja linalohusika, kisha apande. Aliyekwisha kununua kubwa, asione haya kwenda uwanjani asubuhi na mapema, ajifunze kuondoka, kusimama na kukata kona kwa mwendo wa baiskeli, mpaka mkono uzoee. Katika miezi hiyo asiendeshe usiku, asibebe mtu nyuma, na mishikaki isahaulike kabisa, kwani abiria mmoja tu wa kilo 70 hubadilisha breki, kona na mizani yote. Na siku ya kusherehekea mgawo, funguo zikae kwa mama.

Nanyi wenye maduara, mnaogawa mawe na kuwajua vijana hawa kwa majina, mnasikilizwa kuliko redio. Mnapomkabidhi mtu fungu lake, neno moja halina gharama: "Mwanangu, hiyo unayokwenda kununua, umepata wa kukufundisha?" Maana shimoni hamumruhusu mgeni ashuke peke yake siku ya kwanza, hata awe na nguvu kiasi gani. Anatangulia mwenyeji, naye anafuata nyuma akitazama mwenzake anakanyaga wapi. Barabarani nako ni hivyo hivyo.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii, ndugu msikilizaji. Safari njema, na kamba ya kidevu ifungwe.