Waafghani, watu wa milimani

Afghanistan ni inchi ya Asia. Haina pwani: imezungukwa na inchi nyingine pande zote. Katikati inapita milima ya Hindu Kush. Mlima Noshaq, ulio mrefu kupita yote ya inchi hiyo, unafika meta 7,492. Mji mkuu ni Kabul.

Makabila ni mengi: Wapashtun, Watajik, Wahazara, Wauzbek na wengine. Lugha zinazosemwa zaidi ni Kidari na Kipashto. Karibu watu wote ni Waislamu.

Mvua ni haba. Wakati wa baridi theluji inaanguka milimani, nyeupe kama pamba. Baridi ikiisha, jua linaiyeyusha, na maji yanashuka mabondeni. Mahali pasipo mto, watu wanatumia karezi. Wanachimba kisima kirefu chini ya mlima mpaka kufikia maji. Kisha wanatoboa mfereji ndani ya ardhi, wenye kuinama kidogo kidogo, mpaka maji yatokee yenyewe karibu na mashamba. Jua haliwezi kuyakausha, kwa kuwa yanapita gizani. Juu ya mfereji kuna mashimo yenye kufuatana. Kwa mashimo hayo wachimbaji wanashuka na kutoa udongo. Kazi yao ni ya hatari, maana udongo unaweza kuwaangukia.

Maji hayo si ya mtu mmoja. Wakulima wanachagua mtu mwaminifu, anayeitwa mirabu, ili awagawanyie: huyu leo, yule kesho. Mirabu akipendelea mmoja, shamba la mwingine linakauka.

Vijijini nyumba nyingi zimejengwa kwa udongo. Wanawake wanakanda unga wa ngano, wanautandaza, na kuubandika ndani ya tanuru ya udongo yenye moto. Mkate unaiva upesi. Waafghani wanauheshimu sana: kipande kikianguka, mtu anakiokota, anakibusu, anakiweka mahali pa juu. Wakati wa kula wanatandika kitambaa chini na kukizunguka. Usiku wa baridi wanaweka makaa chini ya meza fupi, wanaifunika kwa blanketi kubwa, na jamaa yote wanaingiza miguu humo.

Mgeni akifika, anapewa chai, kisha chakula kilicho chema kupita vyote, hata kama wenyeji ni maskini. Kwa desturi ya Wapashtun, hata adui akiingia nyumbani kuomba kimbilio, mwenye nyumba anapaswa kumlinda. Ugomvi ukitokea, wazee wanakaa duara na kusikiliza maneno ya pande zote mpaka wapatane. Baraza hilo linaitwa jirga.

Lakini watu hao wameona taabu nyingi. Mwezi wa Desemba 1979 askari wa Umoja wa Kisovieti waliingia inchini. Walitoka Februari 1989, lakini vita haikuisha. Watu mamilioni walikimbilia Pakistan na Iran. Karezi nyingi ziliharibika, maana hapakuwa na watu wa kuzitengeneza.

Mwezi wa Agosti 2021 Wataliban waliutwaa mji wa Kabul. Tangu mwaka ule wasichana wanasoma mpaka mwaka wa sita tu. Mtoto wa kiume akimaliza mwaka wa sita, anaendelea mbele. Dada yake, hata akiwa wa kwanza darasani, anabaki nyumbani. Wazazi wengi wanasikitika. Walimu wengine wanafundisha wasichana kwa siri ndani ya nyumba, ingawa wanaweza kukamatwa.

Wakulima wa Afghanistan wanajua tangu zamani kwamba maji yakipelekwa upande mmoja tu, nusu ya shamba inakauka, na jamaa yote inalala njaa. Elimu nayo ni kama maji ya karezi: ni ya watoto wote.

Maulizo
1. Kwa nini jua halikaushi maji ya karezi?
2. Kazi ya mirabu ni nini? Kwa nini lazima awe mwaminifu?
3. Waafghani wanampokea mgeni namna gani?
4. Eleza kwa nini elimu inafananishwa na maji.