Dawa ya Baridi Yabisi na Hatari ya Saratani
Dawa yaweza kutuliza maumivu na papo hapo ikaleta hatari. Huko Marekani, Xeljanz, dawa ya baridi yabisi, iliruhusiwa mwaka 2012 ikiwa na onyo la saratani. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa iliamuru onyo likaziwe: miongoni mwa wagonjwa wa miaka 50 na zaidi waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, walioimeza walipatwa na saratani zaidi kuliko waliodungwa dawa nyingine.

Aliyedhurika aweza kumshitaki mtengenezaji kwamba onyo halikutosha. Lakini sharti athibitishe kuwa dawa ndiyo chanzo, tena kabla muda uliowekwa na sheria ya jimbo lake haujapita. Basi, anayeitumia asiiache ghafla. Amwone daktari, na atunze vyeti na risiti zake.